Siku nne kwa mashua, Lamu mpaka Kiwayu, tuko watu saba, naomba ushauri

Mgeni_wa_Pwani:
Wadau sasa. Tuko marafiki saba hapa Nairobi, tumechanga tangu mwezi wa tano, na Januari tunataka kukodi mashua Lamu, tupite Pate, tufike Kiwayu, turudi na Manda Toto kuogelea. Tumelenga mwezi mpevu maana mmoja wetu anataka picha za usiku. Mpango ni kupanda chombo saa nne asubuhi tukishakunywa chai, jioni tuko Kiwayu. Inawezekana? Na choo kiko wapi humo ndani? Halafu mimi hata feri ya Likoni hunisokota tumbo, kuna dawa?

Mwana_wa_Shela:
Karibuni sana, ila hiyo saa nne itawaweka kwenye tope. Mwezi ukiwa kumi na nne ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kutoka sana, na bamvua huku maji hujaa kama saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, saa nne ndio yametoka. Na njia ya Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, maji yakitoka mtakaa hapo mkihesabu kaa kwenye mikoko mpaka alasiri. Ama mtoke na giza, ama mje wakati wa maji mafu, mwezi nusu, hapo maji hujaa saa nne saa tano lakini hayajai sana, kwa hiyo chombo kisiwe kizito. Lingine, Januari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, na nyinyi mwaenda kule kule upepo utokako, yaani ni kupiga bisha tu, mara huku mara huku, foromali, ule mti unaobeba tanga, inageuzwa na nyinyi mnainama isiwapige kichwa, ama muwashe mashini. Kurudi ndio raha, tanga limejaa, mtu unalala. Mimi ningelala Pate usiku wa kwanza niione na ngome ya Siyu, Kiwayu siku ya pili. Na huko ni karibu na mpaka wa Somalia, ulizeni hali ya usalama kabla ya kulipa.

Leso_Mbili:
Choo ni ndoo, nyuma kwa usukani lol. Wasichana wabebe leso ya ziada, wawili wanashika pazia mmoja anajisaidia, utazoea siku ya pili. Sisi mwaka jana tulikosea kumlipa jamaa wa gatini pesa yote kwa M-Pesa kabla ya kuona chombo, asubuhi ikaja mashua ingine kabisa, laifjaketi tatu na sisi tuko wanane, na maji yanaingia, nilikaa ngamani, kule chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, na kidumu cha mafuta kilichokatwa shingo nikiteka maji huku wenzangu wanajipiga selfi. Enda ukione chombo jana yake, hesabu laifjaketi, lipa nusu. Kichefuchefu, kunywa kidonge kabla hujapanda, kaa katikati mbali na moshi wa mashini na usiangalie simu. Lakini ile samaki walichoma kwa jiko la makaa pale pale mbele, na wali wa nazi, sijakula tena kitu kama hicho.

Bongo_Kisiwani:
Si mje Mafia bwana, mwezi huo huo papa potwe, wale wakubwa wapole, wako Kilindoni, unaogelea nao kabisa

Leso_Mbili:
@Bongo_Kisiwani anzisha uzi wako kaka 😂

Mgeni_wa_Pwani:
Asante sana mzee wa Shela, na wewe dada. Nimewaambia kwa grupu, mwezi mpevu unabaki, tunatoka alfajiri. Shida ni moja, huyo wa picha ndiye hajawahi kuamka kabla ya saa tatu.

Mwana_wa_Shela:
Mlazeni chomboni usiku huo. Ataamka mshapita Mkanda.