Mjadala: Kama chanjo ndiyo ruhusa ya likizo, mbona ruhusa hiyo haifiki Tanga?

Mleta mada (Leicester, mzaliwa wa Tanga)

Ndugu zangu, habari za leo. Tuko mwishoni mwa Agosti 2021, shule zinakaribia kufunguliwa, na kazini kwangu kila anayerudi kutoka likizo karudi amebabuka na jua. Mmoja alikuwa Algarve ya Ureno, mwingine Mallorca, mwingine Ugiriki. Sina kijicho nao. Tumelea wazee pamoja tangu corona inaanza, tumewafumba macho kwa mikono yetu, na kila mmoja wetu alistahili kupumzika. Ninalolileta jamvini ni hili: hiyo ruhusa ya kusafiri iliyoletwa na chanjo imetolewa kwa nani, na kwa safari ipi?

Kwa wasioishi huku, nieleze kidogo. Uingereza inazigawa nchi kwa rangi tatu, kama taa za barabarani. Hadi katikati ya Mei, kutoka England bila sababu ya msingi ilikuwa faini ya pauni 5,000. Mei 17 safari za starehe zikaruhusiwa tena. Ukitoka nchi ya kijani unakwenda zako. Ukitoka ya manjano ulikuwa unajifungia nyumbani siku 10, lakini tangu Julai 19 aliyepata sindano zote Uingereza amesamehewa, na tangu Agosti 2 waliochanjwa nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani nao wamesamehewa. Nyekundu ni habari nyingine. Huko sindano hazihesabiwi hata kidogo. Unawekwa siku 10 kwenye hoteli uliyopangiwa, kwa fedha yako, na kama si raia wala mkazi huingii kabisa. Tanzania imo humo tangu Januari, Kenya tangu Aprili 9.

Hiyo hoteli mimi nimeilala. Aprili baba alizidiwa. Nilikwenda nikamkuta na pumzi, akafariki siku ya nne mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Niliporudi nililipa pauni 1,750. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Chakula kinawekwa mlangoni ndani ya mfuko wa karatasi saa kumi na mbili jioni, mtu anagonga na kuondoka, na magharibi ya London siku zile ilikuwa saa mbili na robo usiku. Nikawa nachemsha birika la umeme, nauegesha ule mfuko ubavuni mwake kusudi wali usigande. Dirisha halifunguki. Kupunga upepo ni dakika chache kwenye maegesho ya magari, mlinzi akiwa nyuma yako. Hayo ndiyo yaliyokuwa matanga yangu.

Tangu Agosti 12 bei imepanda, mtu mzima sasa ni pauni 2,285. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 11, kila mmoja pauni 325. Jumla pauni 2,935, tiketi bado. Mama yuko peke yake Ngamiani.

Linaloniuma zaidi ya fedha ni hoja yenyewe. Nina dozi mbili za AstraZeneca, chanjo iliyobuniwa Oxford. Nikienda nazo Ureno, wanasema zimenikinga na zimewakinga jirani zangu. Nikienda nazo Tanga zinakuwa kama maji. Na tuangalie Kenya. Mwishoni mwa Julai Rais Kenyatta alikuwa London kwa mkutano wa elimu, Uingereza ikatangaza msaada wa chanjo, na dozi 410,000 za AstraZeneca zikapelekwa Nairobi. Lakini hata Kenya ikihamishiwa manjano kesho asubuhi, muuguzi wa Mombasa aliyechomwa sindano hiyo hatasamehewa karantini, kwa kuwa cheti cha Kenya hakimo kwenye vyeti vinavyokubaliwa. Unampa mtu dawa kwa mkono wa kulia, kisha unamwambia huamini kwamba ameinywa.

Shirika la Afya Duniani na washirika wake wa COVAX, mpango wa kugawa chanjo duniani, walitamka Julai 1 kwamba chanjo zote zilizoidhinishwa na shirika hilo zipewe uzito sawa mtu anaposafiri. Mimi nasimama hapo. Kama likizo za nje zinafunguliwa kwa hoja ya chanjo, ipimwe chanjo, isipimwe bendera. Aliyekamilisha dozi akitoka nchi nyekundu ajifungie nyumbani kwake, apimwe siku ya 2 na ya 8, kama wanavyofanya leo wasiochanjwa wanaotoka nchi za manjano. Na mtu anayekwenda kumwona mzazi atangulie kabla ya anayekwenda ufukweni. Naomba mnikosoe nilipokosea.

Nahodha, Shimoni

Dada, pole sana na msiba. Baba yako Mungu amrehemu. Nakuunga mkono kwa cheti, ila hapo kwa ufukwe unanionea. Huo ufukwe unaouita starehe ndio shamba langu.

Mimi napeleka wageni Kisite kuona pomboo, mchana wanakula kaa Wasini, jioni narudi na kitu mfukoni. Mwaka 2019 Kenya ilipata watalii zaidi ya milioni 2, mwaka jana hawakufika 600,000. Hizo ni hesabu za wakubwa. Hesabu yangu ni jahazi lililo juu ya mchanga. Chombo cha mbao kikikaa nchi kavu kinakufa, dada. Mbao zinakauka na kupishana, kalafati inatoka yenyewe, unatia kidole kwenye mshono unaona mchana upande wa pili. Mwezi uliopita nimenunua pamba na sifa, yaani mafuta ya samaki ya kupaka chombo, kwa mkopo nikaanza kukalafati upya, na sijui nakalafati kwa ajili ya nani. Machi 26 walipoifunga Nairobi na kaunti nne za jirani, hata wageni wa Pasaka wa humu humu nchini walikatika.

Kwa hiyo nasema wafunguliwe wote, wa wazazi na wa pomboo. Mzungu mwenye sindano mbili na kipimo safi akishuka Mombasa mimi namhofia nini? Mimi ndiye sijachanjwa, na anayestahili kuogopa ni yeye.

Muuguzi, Kisumu

Kaka Nahodha, sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Umeigeuza. Mgeni aliyechanjwa anaweza kuubeba ugonjwa bila kujua, kwake ukawa mafua, kwako wewe usiyechanjwa ukawa kitanda. Sindano inapunguza kuambukiza, haiondoi.

Delta, ile aina ya corona inayoambukiza haraka, ilipoingia Kenya ilionekana kwanza hapa kwetu, Mei, kwa wafanyakazi waliotoka India. Katikati ya Juni serikali ikaziwekea masharti makali kaunti 13 za huku, kafyu saa moja jioni. Kuna usiku mmoja nilikuwa na wagonjwa watatu wanaohitaji oksijeni na mtungi mmoja ambao sindano ya geji haikuwa imeangukia kwenye nyekundu. Wawili tuliwalaza kifudifudi ili mapafu yapate nafasi, nikakaa katikati ya vitanda nikihesabu pumzi zao hadi gari la mitungi lilipofika alfajiri. Mmoja hakuisubiri alfajiri. Alikuwa mama wa miaka 61, alikuwa na kadi ya dozi ya kwanza.

Ya pili hakuipata kwa wakati kwa sababu haikuwepo. Tulipokea dozi zaidi ya milioni 1 za COVAX mwanzoni mwa Machi, zilizotengenezwa India. Mwezi huo huo India ikalemewa, ikazuia chanjo zake zisitoke. Tukakaa na watu waliochomwa mara moja wakituuliza kila siku, "sista, ya pili lini?" Wakati huo Uingereza yenye watu milioni 67 hivi ilikuwa imeagiza dozi zaidi ya milioni 400. Sasa zaidi ya asilimia 70 ya watu wazima wake wamemaliza. Sisi hatujafika hata asilimia 5.

Dada wa Leicester, naelewa uchungu wako, na hoteli ile ni ukatili kwa mfiwa. Lakini swali lako linaanzia uwanja wa ndege. Mimi nalianzisha kwenye jokofu la chanjo. Dozi zifike kwanza kwa wazee na wagonjwa wa nchi inayopokea wageni, ndipo tuzungumze nani aende likizo wapi. Mtu mwenye miaka 25 huko anachanjwa ili akacheze muziki Ibiza, na mama wa miaka 61 hapa anangoja. Hapo siwezi kusema "wafunguliwe wote".

Nahodha, Shimoni

Sista, nimekusoma mara mbili. Basi nichanjeni mimi. Wachanjeni wapishi, madereva, wavuvi, mama wa kaa wa Wasini. Kama kinga ni yetu sote, sisi tunaogusana na wageni tuwe mbele kwenye foleni, halafu mlango ufunguliwe. Ila msiniambie nisubiri bila sindano na bila kazi, vyote viwili kwa pamoja.

Mhudumu wa hoteli, Paje

Mimi nasema machache. Zanzibar ilifungua Juni mwaka jana na haijafunga tena. Wageni walikuja, Warusi kwa ndege za kukodi, nilipata mshahara wakati wenzangu wa pwani nyingine walikaa bure, na ninashukuru. Februari hii tulizika sana. Maalim Seif mwenyewe, Makamu wa Kwanza wa Rais, chama chake kilisema wazi kwamba ana corona, akafariki tarehe 17. Kwetu mtaani watu walikufa kwa "kubanwa na kifua" na hakuna aliyepimwa. Siwezi kusema wageni ndio walioleta, na siwezi kusema sio. Hatukuhesabu.

Mzee, Muscat

Hapo alipoishia kijana wa Paje ndipo mie naanzia. Mwanangu wa Leicester, mie ni wa Pemba, nimekaa Oman miaka zaidi ya 30. Oman nayo imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, na Oman hiyo hiyo iliwafungia wasafiri wa Tanzania mlango Februari. Nina dada yangu Wete sijamwona. Kwa hiyo tumo chombo kimoja.

Lakini tuseme kweli. Nchi yetu ilitoa hesabu ya wagonjwa mwanzo wa Mei 2020, watu 509, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Dokta Tedros wa Shirika la Afya Duniani aliiomba hadharani itoe takwimu. Chanjo ilikataliwa kwa maneno ya jukwaani, na wazee waliamini. Sasa wewe ukiwa mwenye nyumba, mtu akaja kubisha hodi, ukamuuliza "kwenu kuna maradhi?" akakujibu "hatujapima", utamfungulia? Kuwekwa kwenye orodha kwa Tanzania si lazima iwe dharau kwetu. Kenya wanapima na kutangaza kila siku, wao wana haki ya kulalamika zaidi yetu. Sisi tulijifungia wenyewe kwa ndani, tena tukatupa ufunguo.

Mleta mada

Nahodha, nakuomba radhi. Niliandika "ufukwe" kama mtu aliyekaa mbali na bahari kwa muda mrefu. Sitasema tena wa wazazi watangulie. Jahazi lako nalo lina watoto nyuma yake.

Sista, kwako sina jibu la kukushinda na sitaki kukushinda. Nitaongeza jambo moja tu. Hizo dozi hazitakuja haraka zaidi kwa sababu mimi nimefungiwa hoteli. Fedha ninayotozwa hainunui chanjo ya Kisumu. Ingekuwa inanunua, ningelipa na kunyamaza. Na mbali na karantini, likizo zenyewe zinaendeshwa kwa kubahatisha. Ureno ilikuwa kijani Mei 17, Juni 8 ikageuzwa manjano, watu wakakimbizana viwanja vya ndege usiku na watoto mabegani wawahi kabla ya saa kumi alfajiri. Huo ulikuwa ufukwe wa wenye nguvu, na bado waliyumbishwa. Kanuni inayopima sindano na kipimo cha mtu mmoja mmoja ingemsaidia yule wa Algarve na mimi pia.

Mzee wangu, umenigusa pabaya na umesema kweli. Baba yangu cheti chake cha kifo kimeandikwa nimonia. Hakupimwa. Mimi mwenyewe sikuuliza, niliogopa kuwa binti wa Ulaya anayekuja kuwafundisha. Hilo nalibeba.

Lakini tangu Machi nchi ina uongozi mwingine, na mengi yamegeuka. Julai 24 zilifika dozi 1,058,400 za Janssen, chanjo ya sindano moja, kutoka Marekani kupitia COVAX, na Julai 28 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera. Waliowekwa mbele ni wahudumu wa afya, wenye miaka zaidi ya 50 na wenye maradhi sugu. Mama ana miaka 68 na sukari. Alikataa wiki mbili, wakamtisha msikitini na sokoni, mwisho akaenda na jirani yake, wakabadilishana kushikana mikono wakichomwa. Jioni alinitumia picha ya kadi, kidole gumba kimefunika nusu ya jina, lakini neno Janssen linasomeka.

Sindano ni ile ile moja, kutoka nchi ile ile. Mmarekani aliyechomwa hiyo anashuka Heathrow tangu Agosti 2 bila karantini, anapanda treni anakwenda kutembea. Mama hana haja ya kuja huku kwenye baridi. Anachouliza kila Ijumaa ni mimi nitakwenda lini tumsomee baba hitma, na anauliza huku ameishika hiyo kadi akidhani ndiyo iliyokuwa inakosekana.