Kundi la Familia: Jumapili kwa Mama

Rehema: Shikamooni wakubwa. Jumapili pilau ipo, kuku yupo, maandazi yapo. Mboga za majani nani anashika? Mara ile sahani zote zilikuwa rangi ya pilau

Anko Juma: Kachumbari si ipo

Rehema: Nyanya na kitunguu Anko, jani liko wapi humo 😂

Anko Juma: Tia giligilani. Jani hilo.

Neema: Mimi nitaleta saladi ya letusi

Shangazi Mwanaidi: Letusi maji matupu. Matembele yamewakosea nini?

Neema: Mabichi Shangazi??

Shangazi Mwanaidi: Nani kasema mabichi. Chuma ncha zake changa, osha kabla hujakata. Tumbukiza kwenye maji yanayotokota, dakika moja tu yasije yakawa uji, toa tia maji baridi, kamua. Ndiyo ukate. Kitunguu, nyanya, karanga zilizopondwa kidogo, parachichi, ndimu ya kutosha. Chumvi mwisho. Mchicha nao hivyo hivyo. Ukitaka kibichi kweli chukua sukuma wiki changa, kata nyembamba kama nyuzi, tia ndimu na chumvi, finyafinya kwa mkono mpaka ilegee

Zuhura: Hapo Shangazi kamaliza. Ndimu inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye majani, na mafuta ya parachichi na karanga yanasaidia vitamini A. Sema chai ya rangi msinywe hapo hapo na chakula, inazuia hayo madini. Asha hasa wewe na hiyo mimba

Asha: 🙄 sawa nesi

Hamisi: Basi mimi naleta kisamvu kibichi tumalize ubishi

Zuhura: Hamisi usitanie na hilo, kuna watoto humu wanasoma. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi. Kinatwangwa, kinachemshwa sana, sufuria wazi. Kwenye saladi hakiingii. Mnavu nao ni wa kupika

Baba Mkubwa: Na mimi ninayemeza warfarin, hii dawa ya kuzuia damu kuganda? Niliambiwa nisiguse majani.

Zuhura: Shikamoo Baba Mkubwa. Majani yana vitamini K, inapingana na hiyo dawa. Lakini ubaya uko kwenye kubadilisha ghafla, leo bakuli zima, wiki ijayo hata jani. Kula kiasi kile ulichozoea. Ukitaka kuongeza, mwambie kwanza daktari wako apange kupima damu

Baba Mkubwa: Marahaba. Basi nitakula kijiko changu kile kile.

Neema: Haya nimekubali matembele. Nitapitia kule bondeni Msimbazi, fungu ni kubwa na bei poa

Zuhura: Neema hapana. Mboga za kando ya mito ya Msimbazi na Sinza hapa Dar zilishapimwa, utafiti ukachapishwa 1999, zikakutwa na madini ya risasi na kadimiamu, yote sumu. Na mto wenyewe tunaujua unavyopokea taka

Neema: Si nitaosha vizuri jamani

Zuhura: Kuosha kunatoa udongo na baadhi ya vijidudu. Risasi iliyopandia kwenye mizizi imo ndani ya jani, huioshi. Muulize muuzaji shamba liko wapi na anamwagilia maji gani. Akijiumauma, songa mbele

Hamisi: Kwa hiyo tunakula nini sasa 😭 WHO, wale wa afya duniani, wanataka gramu 400 za matunda na mboga kila siku, sisi hata fungu moja linatushinda

Rehema: Hamisi wewe kwanza maliza yale unayotoa kwenye sahani na kuweka pembeni

Mama: Nimeamka nakuta ujumbe arobaini. Matembele yamejaa nyuma ya nyumba mpaka yameingia kwa jirani, hamjui? Njooni mapema mchume wenyewe. Neema leta parachichi. Karanga ninazo.

Shangazi Mwanaidi: Wifi umetuokoa 🙏

Anko Juma: Shemeji, unamwagilia ya bomba au ya mto?

Mama: Juma.

Anko Juma: Naleta ndimu.