Ivory Coast, Ivory Coast mpaka lini? Nchi ile ni Côte d'Ivoire!

Wakuu, nimekereka na leo sinyamazi.

Dada yangu ameolewa Abidjan, amejifungua. Nikapeleka vitenge na nguo za mtoto kwenye ofisi moja ya kusafirisha vifurushi, viwahi arobaini. Foleni saa nzima. Karani akafungua orodha ya nchi kwenye kompyuta, akashuka mpaka herufi I, akapanda, akashuka tena. "Ivory Coast haimo kaka, huko hatupeleki." Nikamwambia atafute kwenye C. Akakataa katakata! Nikarudi na mzigo wangu nyumbani. Kesho yake mwenzake akaipata mara moja, pale pale kwenye C. Siku nzima imepotea na arobaini haisubiri.

Huyo karani simlaumu peke yake, kalishwa jina hilo na watangazaji. Januari 2024 Taifa Stars walicheza kule AFCON, San-Pédro mechi mbili na Korhogo moja, na redio zetu kutwa kucha ni Ivory Coast tu. Serikali ya kule ilishasema tangu Oktoba 1985, enzi za rais wao wa kwanza, Houphouët-Boigny: jina letu ni Côte d'Ivoire, msilitafsiri. Kabla ya hapo Mhispania alikuwa na Costa de Marfil yake, Mjerumani Elfenbeinküste yake, kila lugha inawaandika chini ya herufi yake. Miaka karibu arobaini baadaye mtu ananitafutia dada yangu kwenye I!

Maana yake ni pwani ya pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa Kizungu waliziita pwani zile kwa bidhaa walizozifuata. Jirani tu kulikuwa na Pwani ya Dhahabu, halafu Pwani ya Watumwa. Pwani ya Dhahabu ikawa Ghana 1957, hakuna anayekosea. Dahomey ikawa Benin 1975, Volta ya Juu ikawa Burkina Faso 1984, tukazoea bila shida. Hawa wameamua kubaki na lao la Kifaransa. Ni haki yao.

Na msiniambie "si ni tafsiri tu". Tafsiri ya Kiswahili ingekuwa Pwani ya Pembe, na hiyo nayo hawaitaki. Ninyi mnachukua jina la Mfaransa, mnalipitisha kwa Mwingereza, ndipo mnatuletea sisi Waswahili. Wakati Kodivaa tunayo! Kodivaa haijatafsiri kitu, ni jina lao lile lile limekaa kwenye ulimi wetu, kama tunavyosema Kameruni. Asiyeweza Kifaransa aseme Kodivaa, anayeweza aandike Côte d'Ivoire. Yote mawili sawa kabisa.

Mlioko vyumba vya habari humu ndani, nijibuni: nani aliwaambia kwamba kwenye habari ya Kiswahili, kuhusu nchi inayoongea Kifaransa, jina liwe la Kiingereza?