Msumeno gani wa umeme unafaa kwa kazi za nyumbani? Niko Mtwara, naombeni ushauri wa haraka

Kijana wa Ligula
Wakuu, Mtwara kuchele.

Nina nyumba Mikindani naimalizia kidogo kidogo. Imebaki kabati la jikoni, kabati la nguo la ukutani, fremu mbili za milango na fishabodi (zile mbao za kuziba ncha za paa) upande wa nyuma. Fundi alichukua advansi, akaleta mbao, kisha akazima simu. Mbao ziko sebuleni, mninga na paini, tunaziruka kama viunzi. Nimeamua ninunue mashine nifanye mwenyewe.

Swali langu: ninunue msumeno wa duara wa kushika mkononi, jigso (ile ya kisu chembamba kinachopanda na kushuka), au ile mashine ya mezani? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa. Naomba kuwasilisha.

Mpaka Mtambaswala
Ijumaa kuna nini? Misumeno inahama mkoa?

Randa Butu
Mkuu, kwa kazi hizo chukua wa duara, diski ya inchi 7 na robo, yaani milimita 185. Unazama kama milimita 65, kwa hiyo mbao ya inchi mbili inapita bila kugeuza. Nunua diski mbili: ya meno 24 kwa kupasua mbao kwa urefu, na ya meno 40 au 60 kwa kukatiza na kwa plaiwudi. Ukipeleka diski butu kwenye mninga utaona ubavu wa mbao umekuwa mweusi na moshi unatoka. Hapo usisukume, badilisha diski.

Usikate kwa macho. Bana kipande cha mbao kilichonyooka juu ya ile unayokata, msumeno uteleze ukikifuata. Na ule upande unaoanguka uache uanguke. Ukiuegemeza pande zote mbili, mpasuo unajifunga, unabana diski, na msumeno unakurudia tumboni.

Jigso ni ya tundu la sinki na mikunjo. Kwenye mbao nene inakudanganya: juu umefuata mstari, chini kisu kimepinda. Ya mezani waachie wenye karakana. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Umeme upo hapo?

Bibi Korosho
Kijana, huyo fundi umeenda kwao? Huku kusini mtu hapotei, ana mjomba. Mtafute mjomba, kaa barazani kwake, usiondoke. Ninyi wa sasa mtu akizima simu mnaona amekufa.

Marehemu mume wangu naye aliingiwa na uchu wa mashine. Msimu ulilipa vizuri, akanunua chensoo pale Newala. Akasema atasafisha shamba kwa siku moja. Akaangusha na mikorosho ya jirani, yote yenye maua. Shauri lilifika baraza la kata, na ukoo ule hadi leo tukikutana msibani wanageuza nyuso. Hela ya korosho ikiingia, kila mwanaume anakuwa fundi. Mkeo anajua unanunua hiyo mashine?

Kijana wa Ligula
Shikamoo bibi. Mke anajua tunamalizia nyumba. Tusitoke nje ya mada.

@Randa Butu asante sana mkuu. Umeme upo, luku ninayo.

Umeme wa Gesi
Mimi bado nipo kwenye hiyo "kabla ya Ijumaa". Mleta mada, kuna mashine umeshaiona mahali. Sema.

Kijana wa Ligula
Sawa. Kuna shemeji yangu mmoja anauza vitu vya kontena kutoka Uingereza. Anao msumeno wa duara, umetumika kidogo sana, laki na nusu. Dukani mpya wa aina hiyo ni bei nyingine kabisa. Nimetanguliza elfu sabini, Ijumaa namalizia. Lakini mimi nimeuliza aina ya msumeno, sijauliza kuhusu huo.

Mpaka Mtambaswala
Kumbe tunashauri uchumba wakati mahari imeshapokelewa.

Umeme wa Gesi
Tuma picha ya kibao cha maandishi ubavuni mwa mashine, na picha ya plagi.

Kijana wa Ligula
Kamera ya simu imepasuka. Kimeandikwa 1200W, 110V. Plagi ni ya njano, nene, ya duara, pini tatu. Fundi umeme wa mtaani kasema anaikata, anafunga ya kawaida kwa elfu tano, kazi imeisha. Kwa hiyo hilo lisiwatishe.

Umeme wa Gesi
Linatisha mkuu. Kaa chini.

Uingereza nyumbani wanatumia 230 kama sisi. Ila kwenye maeneo ya ujenzi wanatumia 110 kwa ajili ya usalama. Kuna transfoma ya njano inashusha umeme, na katikati yake imeunganishwa ardhini, hivyo mtu akigusa waya uliochubuka anapigwa na volti 55 tu. Plagi ile ya njano imetengenezwa makusudi isiingie kwenye soketi ya ukutani. Huyo fundi wako wa elfu tano anataka kuondoa kitu pekee kinachokulinda.

TANESCO anakuletea 230. Mota itapewa zaidi ya mara mbili ya stahili yake. Kasi inapanda, kaboni zinarusha cheche, koili zinaungua. Na kabla hazijaungua, diski inazunguka kupita kasi iliyoandikwa juu yake, na wewe umeinama hapo juu.

Kijana wa Ligula
Nimekuelewa, ila kuna kisanduku cha kushusha umeme nilinunua kwa ajili ya redio iliyotoka Marekani. Kinatoa 110. Nitapitisha hapo, nitakata taratibu, kazi yenyewe si ya kila siku. Bei ya huo msumeno siipati tena wakuu.

Umeme wa Gesi
Kisanduku kimeandikwa wati ngapi?

Kijana wa Ligula
500.

Umeme wa Gesi
Na msumeno 1200. Ukibonyeza tu swichi, mota inavuta kuliko hata hiyo 1200 mpaka ishike kasi. Kisanduku kitanuka kabla mbao haijaanza kunuka. Transfoma yenyewe ya kazi hiyo ni kama 3 kVA, yaani kama wati 3,000, kuibeba ni shughuli, na kwa bei yake utapata msumeno mpya wa 230 wenye risiti. Mwambie shemeji arudishe elfu sabini.

Bibi Korosho
Shemeji kwa upande gani? Kaka wa mke au mume wa dada? Maana kaka wa mke huwezi kumdai hivi hivi.

Nahodha wa Msimbati
Wakuu mnamaliza bando bure. Hii chai.

Nimepita kwenye nyuzi zake za nyuma. Kwenye uzi wa bodaboda alisema amepanga Mbagala na mwenye nyumba anamsumbua. Leo ana nyumba Mikindani na mninga sebuleni. Kamera imepasuka, ila kibao chote amekisoma, volti na wati. Mimi naona huyu ndiye shemeji. Ana mzigo wa misumeno ya plagi za njano, umekwama, anapima kama watu wa huku wanajua 110 ni nini. Na ninyi mmempa shule nzima.

Mpaka Mtambaswala
Umetisha nahodha. Kuanzia hapa nasoma upya tangu mwanzo.

Kijana wa Ligula
Mbagala nilikuwa kikazi. Nyumba ni ya marehemu baba, tumegawana mirathi mwaka huu. Naombeni heshima kidogo, si kila mwenye shida ni tapeli.

Jirani wa Mikindani
Rahisi tu. Mimi naishi hukuhuku. Nyumba iko upande gani?

Kijana wa Ligula
Ukipita Boma la Mjerumani unapanda kilima, kuna njia inakata kushoto kwenye mikorosho. Bati jekundu, ukuta wa nyuma haujapigwa plasta.

Jirani wa Mikindani
Bati jekundu naijua. Nyumba ipo. Mwenyewe sijawahi kumwona.

Nahodha wa Msimbati
Hata mimi naweza kukuelekeza Ikulu.

Randa Butu
Hata kama ni chai, mwingine atasoma na vidole vyake vitabaki kumi. Mimi naendelea. Mleta mada, kama unataka kuokoa hela, kata mbao zote zilizonyooka kwa wenye mashine pale mjini, wanakata kwa kipimo chako, wewe ubaki na kuunga tu. Hutahitaji hata msumeno wa umeme, wa mkono unatosha kurekebisha ncha.

Kijana wa Ligula
Wakuu, nimeongea na shemeji. Hela harudishi, ila amekubali tubadilishane. Ananipa grinda ya inchi nne na nusu, hii ni ya 230 kabisa, nimehakikisha. Na diski ya meno ya mbao ananiwekea bure. Hiyo je?

Randa Butu
Hapana. Hapana kabisa.

Grinda ya ukubwa huo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa duara ni kama 5,000. Diski ya meno ikibanwa na mninga, grinda inaruka kutoka mikononi, na haina kifuniko kinachojirudisha kuziba meno kama msumeno. Nyingi swichi yake ni ya kusukuma mbele: ukiiachia haizimi, inaendelea kuzunguka ikiwa mapajani mwako. Kata nayo vyuma na vigae. Mbao acha.

Bibi Korosho
Nimeuliza shemeji kwa upande gani sijajibiwa.

Jirani wa Mikindani
Hiyo grinda ni ya bluu? Ina mkwaruzo karibu na swichi na waya umefungwa selotepu nyeusi? Nijibu hapahapa, usije inboksi.