Re: Barua imerudi. Ni "is" au "be"?

Bint Chake, Leicester:
Asalaam aleikum nyote. Barua ya kumuombea bi mkubwa viza ya matembezi, wakili kairejesha kaipigia mstari hapa: "I request that my mother is granted a visa." Kosa nini? Na nikishaitengeneza, naipandisha upya kwenye akaunti au naituma kwa imeili? Zimebaki siku sita.

Maalim wa Mkoani:
"Be granted." Baada ya request, recommend, demand na "it is essential that", kitenzi kinakaa kama kilivyo kwenye kamusi, bila s, bila wakati, hata ombi likiwa la jana: "I requested that she be". Ndiyo ile -e yetu: twasema "naomba apewe", hatusemi "naomba anapewa". Na kama "arudi" inavyoificha -e, "that they submit" nayo haionyeshi kitu. Njoo kwenye "that she submit" ndipo utaiona. Kukanusha, not hutangulia na do haina nafasi: "that she not be refused".

Toronto_Mchangani:
Maalim, usiwatie watu khofu. Waingereza huandika "should be granted" na barua zinapita. Kosa letu khasa ni want. "Nataka aje" mtu anaifanya "I want that she comes". Want haikubali that: "I want her to come", basi.

Maalim wa Mkoani:
Nani kasema should ni kosa? Soma kwanza, sheikh. Hatari iko kwenye insist. "We insist that she stay with us": tunataka afikie kwetu. Tia s, "stays", sasa unashikilia kwamba tayari anakaa kwenu. Hiyo s moja, kwa mtu anayeombewa viza ya matembezi!

Toronto_Mchangani:
Na if? "If she were refused" ni angenyimwa, jambo la kudhani. "If she was late" ni ikiwa alichelewa, pengine kweli.

Mwana wa Ng'ambo:
Haya ndiyo ya kufundisha skuli, si kukaririsha watoto hesabu kwa lugha ambayo hata mwalimu inamtoa jasho.

Toronto_Mchangani:
Siasa hizo. Wa Pemba, bei ya karafuu ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, washatangaza?

Bint Chake, Leicester:
Ahsanteni, nimetia "be". Sasa naipandisha au naituma? Zimebaki tano.