Yule bwana wa kibanda umiza Mwanjelwa ameruka wimbo wa Kapteni!

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwa yule bwana mnayemjua nyote, na hasira niliyo nayo inaweza kuchemsha maji ya Mbeya nzima. Alitangaza kuonyesha The Sound of Music ya mwaka 1965, mkanda ambao masista wa parokia walituonyesha utotoni hadi tukawa tunapanda mlima Loleza huku tukiimba "Do-Re-Mi". Kapteni von Trapp, yule baba wa familia ya waimbaji, aliposhika gitaa jukwaani Salzburg na kuanza "Edelweiss", bwana yule akasogeza mbele!

Alisogeza mbele "Edelweiss"! Utotoni tulisinzia hapo, tukiwasubiri masista wa kwenye mkanda wang'oe vipuri vya magari ya Wanazi. Leo nikiwa mtu mzima ninaelewa kwamba Ujerumani imeshaimeza Austria mwaka 1938, kwamba Kapteni ameamriwa kutumikia jeshi lao la majini, na kwamba sauti inapomkwama kooni, mkewe Maria anakuja kuimba naye mpaka ukumbi mzima unaitikia. Hicho ndicho nilichokilipia kiingilio. Kapteni alifungua mdomo, tukajikuta makaburini kwa watawa!

Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya watu kwamba nyimbo zinachelewesha mpira. Mkanda wa nyimbo, wa karibu saa tatu, na wimbo mfupi kama ule ndio unaochelewesha mpira!

Mwana_Tukuyu: Pole sana, mkuu. Bwana huyo akionyesha mkanda wa harusi, atasogeza mbele mpaka bibi arusi ananyonyesha.

Kihesa_Juu: Mtu mzima unalilia wimbo wa ua la edelweiss? Tena sauti ile si ya Christopher Plummer aliyeigiza Kapteni, kwani aliyemwimbia ni Bill Lee.

Mleta uzi: Hata angeimbiwa na nani, kwa nini asogeze mbele?

Mama_Uyole: Mimi aliyeniudhi ni Rolf. Nikiwa binti nilimpenda kijana yule wa telegramu, lakini nilipourudia mkanda nilimwona akiwaita wakubwa zake waje kuikamata familia ya Liesl, binti wa Kapteni aliyecheza naye bustanini.

Kihesa_Juu: Dada, Rolf ni mtoto aliyepotoshwa. Mnamwachaje Baroness, yule mchumba wa kwanza wa Kapteni, aliyetaka kuwapeleka watoto bweni ili abaki na baba yao?

Mwana_Tukuyu: Bweni lina kosa gani? Sisi sote tumelelewa bweni.

Mama_Uyole: Ndiyo maana hujui kupika.