Yule wa tatu mbona anaonyesha mgongo tu?

MamaAisha_Wete
Assalaam aleikum. Wanangu wameletewa na mjomba wao fleshi imejaa picha za zamani za wale Wamarekani watatu wa makofi, Three Stooges. Jana baada ya Isha tukaangalia inayoitwa *Commotion on the Ocean*, ya 1956. Wamo melini, kuna jasusi, na siri zimefichwa ndani ya matikiti. Watoto huwa wanajigaragaza kwa kicheko, lakini hii wameiangalia kimya. Halafu yule mwenye nywele za kumwangukia usoni, Shemp, mara umwone uso mzima, mara mgongo tu, mara hayupo kabisa. Mwanangu mkubwa kashikilia kuwa si mtu mmoja, eti mabega si yake. Nani anajua?

KandaZaDarajani
Waaleikum salaam dada. Mwanao ana jicho, mpe hongera.

Shemp alifariki Novemba 1955, maradhi ya moyo. Bado kampuni ya Columbia ilikuwa na picha nne za kukamilisha, basi wakachukua vipande vya picha zao za nyuma, wakapiga vipya vichache, wakaunga. Huo mgongo ni wa Joe Palma, mwigizaji aliyewekwa badala ya Shemp. Zote nne zilitoka 1956. Hiyo ya meli imeungwa juu ya *Dunked in the Deep* ya 1949. Matikiti na jasusi vimetoka huko. Palipo na uso, ni Shemp mwenyewe, kapigwa picha miaka kabla ya kufa.

Mie nilikuwa nikikodisha kanda Darajani zama za VHS, na hawa nimewatazama mpaka nawajua pumzi zao. Kofi la Moe, yule mkali anayewapiga wenzake, halichekeshi kwa mkono, linachekesha kwa uso wa aliyepigwa. Mlio wenyewe hutiwa studio, na vidole vya machoni vinagota kwenye nyusi. Kinachobaki ni uso, na Shemp akipigwa uso wake wote unahangaika: midomo, macho, nywele, na sauti ile ya kukoroma kwa ndani. Palma kageuzwa ukutani. Utacheka na nini? Watoto wako hawakukosea.

Na jambo linalonikaa moyoni: Moe na Shemp ni ndugu wa damu, Shemp ndiye mkubwa. Mdogo wao Curly, aliyekuwa wa tatu kabla ya Shemp, alipata kiharusi 1946 wakiwa kazini, akafariki 1952. Kwa hiyo Moe unayemwona hapo kishazika wawili, na anacheza na mtu aliyevaa kama kaka yake. Larry, asiye wa ukoo, ndiye aliyebaki naye. Angalia vile vipande wanavyokuwa wawili tu, wanavyojitahidi kuijaza nafasi ya watu watatu. Picha dhaifu, nakubali, lakini ile kazi naiheshimu sana.

MvuviMkoani
Mie naona si haki. Mtu kafa, mwache apumzike. Aliyelipa kiingilio mwaka ule alidhani anaona picha mpya, kumbe kauziwa ya 1949.

KandaZaDarajani
Hapo kwa kampuni nakuunga mkono, ami. Mtayarishaji Jules White alikuwa akirudia vipande hata Shemp akiwa hai, kupunguza gharama. Lakini Moe na Larry usiwatie humo, wao walikuwa waajiriwa.

MamaAisha_Wete
Ahsanteni sana. Kumbe ndugu! Nimemwambia mwanangu, sasa anataka kuwaona ndugu wote watatu pamoja. Ipo?

KandaZaDarajani
Ipo, *Hold That Lion!* ya 1947. Wako ndani ya treni, wanapita kumtafuta mtu, wanamkuta abiria kalala, kofia imemfunika uso. Moe anaifunua: ni Curly, safari hii ana nywele, maana zamani alikuwa akinyoa kipara. Ni kipande kifupi mno, mwambie asitoke kwenda kunywa maji. Halafu muwekee ile ya 1949 nzima, aone matikiti yalivyokusudiwa.